Somo: Kumuuguza mgonjwa wa kemo nyumbani, na kwa nini themomita hutangulia

Ukitoka kliniki baada ya dripu ya kwanza ya kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, unabeba mfuko wa dawa na maelezo ya haraka haraka, unapanda matatu, na maswali yote yanakujia ukifika mlangoni. Nilimuuguza mama kwa mizunguko sita ya kemo, kwa hiyo ninaandika nikiwa mwana, si daktari.

Hatua ya kwanza: nunua themomita kabla ya dripu. Kemo hushambulia seli zinazogawanyika kwa kasi, na seli za uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa, zinazotengeneza damu zimo humo. Ndiyo maana chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, hushuka, mara nyingi zikifika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Katika siku hizo maambukizi madogo yanaweza kumuua mtu. Joto likifika nyuzi 38, au akitetemeka kwa baridi, usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitali usiku huo huo, na ukifika sema kwa sauti, "Yuko kwenye kemo na ana homa," asije akapangwa foleni na wenye mafua.

Hapa ndipo nilipokosea. Siku ya 10 ya mzunguko wa pili mama alianza kutetemeka. Nikampa Panadol mbili, joto likashuka, nikalala nikijisifu. Kumbe dawa ilificha homa tu, ugonjwa ukaendelea chini kwa chini. Kesho yake alilazwa. Pima kwanza, halafu mpigie daktari simu kabla hujafungua pakiti yoyote.

Hatua ya pili: kichefuchefu huzuiwa, hakifukuzwi. Dawa kama ondansetroni humezwa kwa saa iliyoandikwa hata kama mgonjwa anajisikia vizuri, kwa kuwa akishaanza kutapika, kidonge hakikai. Ukiishi bedsitter ambako jiko na kitanda vinatazamana, harufu ya kitunguu kinachokaangwa ni adui. Mimi nilikuwa nikipika kwa jirani. Chakula kilichopoa hakinuki sana: uji wa wimbi, ndizi, viazi, kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku. Sahani iliyojaa humkatisha tamaa kabla hajaonja.

Hatua ya tatu: kinywa. Chemsha lita moja ya maji, yapoe, tia kijiko cha chai cha chumvi na kijiko cha chai cha baking soda. (Si magadi ya kulainishia githeri! Mjomba wangu alitaka kuyatumia.) Asukutue na kutema baada ya kila mlo na kabla ya kulala, na utengeneze mapya kila siku. Mswaki uwe laini. Pilipili na ndimu zisubiri.

Hatua ya nne: maumivu. Wengi wakisikia morfini, dawa kali ya maumivu, wanaanza kupanga mazishi. Lakini si ya wanaokufa tu: Nairobi Hospice, kituo cha kuwapunguzia wagonjwa maumivu kilichoanza 1990 karibu na Hospitali ya Kenyatta, huwahudumia hata watu ambao bado wanaendelea na matibabu. Morfini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, haingoji maumivu yarudi. Tena hufunga choo karibu kila mtu, kwa hiyo omba dawa ya kulainisha choo siku ile ile ya kwanza.

Kuhusu usafi: kwa saa 48 baada ya dripu, vaa glavu ukishika matapishi, mkojo au shuka zilizochafuka.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Baraka, Kayole: Mume wangu amekojoa rangi nyekundu jioni ya dripu. Ni damu?
Kama dripu yenyewe ilikuwa nyekundu, yaani doxorubicin, hiyo ni rangi ya dawa na itaisha kwa siku moja au mbili. Ikizidi hapo, au akiona uchungu au mabonge, mrudishe.

Kijana wa Pipeline: Nyanya anamchemshia baba mwarobaini. Nimkataze vipi?
Usigombane naye. Beba dawa hiyo kliniki, daktari aseme mwenyewe. Baadhi ya mitishamba huvuruga jinsi ini linavyoshughulikia kemo, na nyanya atamsikia daktari kuliko wewe.

Dada wa Githurai: Kikundi cha kanisa kinataka kuja kumwombea mama siku ya 9. Watu ishirini, nyumba ya chumba kimoja.
Waje wawili, wanawe mikono, dirisha liwe wazi. Mwenye kikohozi aombe kwa simu, Mungu anasikia hata huko.

Binti wa Rongai: Mama ana ganzi vidoleni lakini hataki daktari ajue, asipunguziwe dozi.
Lazima ajue. Dawa kama paclitaxel huumiza neva, na ganzi ikipuuzwa inaweza kubaki hata baada ya matibabu. Kwa sasa usimwachie sufuria ya moto, ataungua bila kuhisi. Mtazame pia akivaa: mama yangu alianza kuniomba nimfungie vifungo vya blauzi, akisingizia macho.