PlayStation moja, darasa zima: namna ninavyofundisha asilimia

Ukitaja PlayStation kwenye kikao cha wazazi, mama wa kwanza kusimama atakueleza habari za kibanda cha gemu cha mtaani, mahali hela ya chai ya mtoto inapoishia. Ana haki. Nafundisha Hisabati darasa la sita, na wanaochelewa asubuhi najua wamepitia wapi. Hata hivyo mashine hiyohiyo naiingiza darasani, kwa masharti.

Wanaoitetea hupenda kutaja Scotland. Mwaka 2008 watoto zaidi ya 600 wa shule 32 walishiriki jaribio la wiki tisa. Baadhi yao walicheza gemu la mazoezi ya akili kwenye Nintendo DS, mashine ndogo ya gemu ya mkononi, dakika 20 kila siku. Makundi yote yalipanda katika hesabu, na lililocheza likapanda zaidi. Vizuri, lakini kule mtoto alikuwa na kifaa mkononi. Kwetu mashine ni moja na dawati lina watoto watatu. Mmoja akishika padi ya kuchezea, wengine wafanye nini?

Jibu langu: asishike mtu.

Tafuta PlayStation 2 na gemu la mpira, Pro Evolution Soccer kwa mfano. Ni ya zamani, haihitaji intaneti, na fundi wa mtaani anaijua. Chagua mechi ya kawaida, weka muda mfupi kabisa, kisha kwenye kuchagua upande ziache padi zote katikati. Kompyuta itacheza na kompyuta. Ugomvi wa zamu unakwisha hapo hapo, na wasichana ambao kibandani hawakaribishwi wanakuwa sawa na kila mtu.

Kabla hujawasha, gawa kazi. Kundi la kwanza lihesabu mashuti ya timu ya kushoto, la pili ya timu ya kulia, mengine yachukue faulo na kona. Kila mtoto anachora vijiti kwenye daftari lake, cha tano kikikata vinne vya kwanza. Kubalianeni mapema shuti ni nini. Darasani kwangu mpira uligonga mwamba, wakabishana kama umelenga goli au la, nami nikawaacha wabishane. Huwezi kukusanya takwimu kabla hujajua unachohesabu, na siku hiyo walilielewa hilo bila mimi kulisema.

Filimbi ya mwisho ikilia, zima runinga haraka kabla takwimu hazijatokea. Hii ndiyo sehemu ninayoithamini kuliko zote. Waandike ubaoni walichopata: tuseme mashuti 8, yaliyolenga goli 3. Watafute asilimia wenyewe, wafike 37.5, ndipo uwashe tena walinganishe hesabu yao na ya mashine. Zikitofautiana, usikimbilie kusema mashine ndiyo sahihi. Waulize nani alihesabu nini. Kisha waoneshe umiliki wa mpira, kama asilimia 57 kwa 43, na uwaulize kwa nini jumla haiwezi kuzidi 100.

Kipindi ni dakika 40, na mechi isile zaidi ya kumi. Funga nyaya mapema, wakati wa mapumziko. Umeme ukikatika, endeleeni na vijiti vilivyokwisha kuandikwa.

Jambo moja nalipinga kabisa: kuitumia kama zawadi ya waliomaliza kazi kwanza. Anayechelewa kumaliza ndiye anayeihitaji zaidi, na ukimnyima unamfundisha kwamba hesabu ni adhabu na gemu ni raha.

Mwalimu mkuu ajue, na mzazi mwenye wasiwasi umkaribishe akae nyuma, naye apewe kalamu ahesabu faulo. Kipindi kinachofuata mashine inabaki ofisini. Ninaingia na majedwali yao tu, wachore grafu.