Chagua siku kwa mwezi, chagua nyumba kwa chai: jinsi ya kupumzika Jambiani

Kabla hujapiga simu kuulizia chumba Jambiani, kijiji cha ufukweni Unguja, tazama mwezi umefika tarehe ngapi. Kalenda ya Kiislamu, ile inayotundikwa dukani, inakutosha. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani kuanzia tarehe 1 na kuanzia tarehe 15, bahari iko kwenye bamvua: inajaa sana na inakupwa sana, na tofauti hufika karibu mita 4. Baada ya tarehe 8 na 22 kidogo ni maji mafu, bahari haiji sana wala haiendi mbali. Sisi watu wa bara tunakwenda pwani ya mashariki ya Unguja bila kujua hili. Tunafika ufukweni saa nne asubuhi na nguo za kuogelea, tunakuta mchanga na majani mpaka kwenye mwamba, tunaanza kulalamika kwamba picha zilitudanganya. Hakuna aliyekudanganya. Umekuja siku za bamvua, na siku za bamvua saa nne asubuhi maji yamekupwa.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi Dar es Salaam. Zamu za usiku nimezifanya miaka 11. Kila mwaka nikipewa likizo nakwenda Jambiani siku nne au tano, nalala kwenye nyumba ndogo ya wageni yenye vyumba vitano, kulala na chai ya asubuhi, basi. Wenzangu huniuliza kwa nini nisichange kidogo niende hoteli yenye bwawa. Nimeshalala hoteli ya namna hiyo. Chai mpaka saa nne, kuogelea mpaka saa kumi na mbili, chakula cha usiku kuanzia saa moja. Nilijiona bado niko zamu. Kwenye nyumba ndogo ya kijijini saa inayokuongoza ni ya maji, na maji kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Siku ya tatu unaacha kuangalia simu.

Kwa hiyo anza na siku. Ukitaka kuogelea baada ya chai, chagua maji mafu, kwa sababu siku hizo bahari hujaa kwenye saa nne hivi. Ukitaka kutembea kwa miguu kwenda mwambani, kuona pweza wakitolewa mashimoni na akina mama wakihudumia mwani, chagua bamvua. Mimi huchagua bamvua, sababu yangu nitaieleza. Upande wa misimu, Julai na Agosti na mwisho wa Desemba kijiji kinajaa wageni na bei inapanda. Aprili na Mei ni masika, nyumba nyingine hufungwa kabisa. Juni kwangu ndiyo bora: mvua imekwisha, hewa si ya kukuchoma, wageni bado. Ila Juni ni upepo wa kusi, na upande ule kusi haikatizwi na kitu. Omba chumba cha nyuma au cha pembeni, usiombe cha mbele kwa ajili ya kuona bahari. Mwaka mmoja nilishikilia cha mbele, dirisha likapiga usiku kucha, nikaishia kulibana kwa kandambili iliyokunjwa.

Sasa simu. Piga, usiandike ujumbe, maana sauti ya anayepokea inakueleza mengi. Nisikilizie maswali yangu. La kwanza: chai anapika nani, na anapika nini? Ukijibiwa "tuna chai ya kawaida, mkate, siagi, jemu, mayai," uliza kama unaweza kupata ya kinyumbani. Mwenye nyumba akicheka na kuanza kukutajia vitumbua, mbaazi za nazi, mkate wa ufuta, chukua chumba hicho. Sisemi hivi kwa sababu ya tumbo tu. Nyumba ambayo chai inapikwa pale pale ina mtu anayelala pale, anayeamka mapema, na asiyetaka kelele usiku. Sijawahi kuona kipimo cha utulivu kinachofanya kazi kuliko hicho.

La pili: jirani ni nani? Usiulize "ni kimya?" kwa sababu kila mtu atasema ni kimya. Uliza kushoto kuna nini na kulia kuna nini. Safari yangu ya kwanza kabisa pwani ile nililipia siku tatu mahali ambapo niliambiwa ni pa utulivu, na kwa kweli penyewe palikuwa kimya. Baa ya jirani ilipiga muziki mpaka saa nane usiku. Nilitoka zamu 14 mfululizo, nililia kitandani.

Maswali yaliyobaki ni mafupi. Maji ya bombani ni ya chumvi au matamu? Chandarua kizima? Umeme ukikatika feni inafanyaje? Bei ya mkaazi ni shilingi ngapi, na je, chai imo ndani yake? Ukiwa unakwenda Ramadhani, uliza pia chai utainywea wapi, maana mchana kijiji kizima kimefunga na si adabu kula barazani.

Kufika si kazi. Boti ya asubuhi kutoka Dar inachukua kama saa mbili, beba kitambulisho. Mjini Unguja panda daladala ya Jambiani. Itakuchukua saa moja na nusu au zaidi, kutegemea mizigo ya watu, na utapita msitu wa Jozani, mahali ambapo kima punju wakati mwingine wanavuka barabara na dereva anapunguza mwendo bila kuambiwa. Jambiani ni ndefu, nyumba zimefuata ufukwe kwa kilomita kadhaa, kwa hiyo mwambie konda jina la nyumba mapema. Shuka ukiwa umejifunga kanga au umevaa kitu kinachofika chini ya magoti. Kijiji ni cha watu, skuli iko pale, msikiti uko pale. Salamu zako ndizo zitakazokupa amani ya siku zote ulizolipia.

Chai, sasa, niieleze vizuri. Amka mapema siku moja uombe kuingia jikoni. Bi mwenye nyumba yangu, ambaye mimi humwita mama na yeye huniita mwanangu, hukanda unga wa mkate wa ufuta usiku: unga wa ngano, tui zito, hamira, chumvi kidogo. Haukandiki ukawa donge. Unabaki mwepesi, unavutika kama ulimbo. Asubuhi analowesha mkono kwa maji, anachota, anautandaza kwenye kikaango cha moto kwa kiganja, haraka, halafu anaacha. Ukishashika chini, ananyunyiza ufuta juu, anashika mpini, anakigeuza kikaango kifudifudi kielekee makaa. Mkate haudondoki. Umeng'ang'ania chuma, na uso wake unaiva kwa joto la mkaa mpaka ufuta unalia. Mara ya kwanza nilipiga ukelele nikidhani umemponyoka. "Tulia mwanangu," akasema, "ukiwa na maji sawa hauanguki." Unaliwa kwa mbaazi au kwa chai ya mchaichai, barazani, mkono mtupu. Usiombe uma.

Baada ya chai, kama ni bamvua, tembea kufuata maji. Vaa viatu, hata vya plastiki vya bei rahisi, kwa sababu ya wale wadudu weusi wenye miiba. Ukikanyaga mmoja, wanakijiji watakupaka utomvu wa papai bichi, lakini bora usikanyage. Utakuta mistari ya vigingi na kamba: hayo ni mashamba ya mwani. Kilimo hiki kilianza hapa Jambiani na kijiji jirani cha Paje mwaka 1989, na karibu wote utakaowaona wameinama ni wanawake. Pita pembeni ya kamba, usizivuke. Usipige picha kabla hujaomba. Mimi husimama, nasalimia, nauliza habari za maji, na mara nyingi naambiwa: maji ya moto siku hizi, ile aina nene yenye bei inakufa, tunabaki na nyembamba. Mwanamke mmoja alinionyesha kamba yake, mwani umekuwa mweupe kama mfupa kwenye ncha. Anaujua kama mimi ninavyojua mtoto mchanga mwenye manjano, kwa rangi tu.

Halafu geuka kabla hujataka kugeuka. Hili nalisema kwa msisitizo. Maji ya bamvua hayaji kwa mbele peke yake. Yanaingia kwanza kwenye mikondo iliyoko nyuma yako, kati yako na ufukwe, wewe ukiwa bado umesimama pakavu unatazama mwamba. Nilikuwa mbali kiasi hicho siku moja, nikamsikia mama mmoja wa mwani akiniita kwa nguvu: "We dada! Rudi, maji yashaanza kujaa!" Nilidhani ananitania, kwa sababu nilipokuwa maji hayafiki kifundoni. Nilipofika kwenye mkondo niliouvuka asubuhi maji yakiwa magotini, ulinifika kifuani, nikavuka nimenyanyua simu juu ya kichwa. Kanuni yangu tangu siku hiyo: muulize mwenye nyumba saa ambayo maji yanamaliza kupwa, na saa hiyo ikifika, anza kurudi. Wanawake wakibeba magunia yao kuelekea nchi kavu, na wewe nenda nao.

Mchana lala. Usijipangie safari za viungo, pomboo na mapango kila siku. Moja inatosha, na inaweza kukosekana. Jioni maji yamerudi mpaka kwenye ngazi za baraza, ndipo uogelee.

Na sababu yangu ya kuchagua bamvua ni hii. Wodini, saa ngumu kuliko zote ni saa kumi alfajiri. Miguu imevimba, chai imepoa, na ndiyo saa ambayo watoto wengi naona huamua kuja. Mwili wangu umeshazoea, hata likizoni naamka saa hiyo hiyo, na nyumbani kwangu Dar nakodoa macho dari mpaka kuche. Siku za bamvua Jambiani, saa kumi alfajiri ndiyo saa ya maji kujaa. Nafungua mlango, bahari iliyokuwa mbali maili nzima saa nne ya usiku iko hapo, hatua kumi, nyeusi, inapumua. Nakaa kizingitini na kanga mabegani. Simsubiri mtu. Ikiadhiniwa narudi kulala, na huo ndio usingizi ninaoufuata mpaka huko.

Siku ya kuondoka mlipe mwenye nyumba jioni ya kuamkia, si asubuhi, ili asubuhi iwe ya chai tu. Agiza mkate wa ufuta wa kubeba. Mama hunifungia mmoja kwenye gazeti, na gazeti ndani ya mfuko, bado wa moto. Boti ya mchana inanifikisha Dar jioni, naingia zamu usiku ule ule, na mkate nauficha droo ya meza ya wauguzi. Tunaugawana saa kumi.