Kumtengenezea Mdiria Ukingo wa Kuzalia

Mdiria, ndege mla samaki, hakosi samaki Mombasa, anakosa udongo wa kuchimba tundu la kuzalia. Chini ya sehemu kubwa ya kisiwa na ya ukanda wa Nyali hadi Bamburi kuna jiwe la matumbawe, na hilo mdomo wa ndege hauliwezi. Mwenye bwawa la samaki anaweza kuliziba pengo hili kwa siku chache za kazi.

Kwanza jua unamjengea nani. Mdiria mweusi kwa mweupe, yule anayepigapiga mbawa papo hapo juu ya maji kabla ya kuchupa, huchimba handaki la mita 1 hadi 2.5. Yule mdogo wa buluu na tumbo la rangi ya machungwa hutosheka na mita moja hivi. Wote hutaka ukuta wa udongo uliosimama wima.

Fanya kazi kati ya Julai na Septemba, masika yakishapita na vuli haijaingia. Chagua upande wa bwawa usiofurika, kisha jenga tuta la upana wa mita 2, kimo mita 2, na kina cha kwenda nyuma kinachozidi mita 2.5. Kina ndicho watu hukikosea: handaki likitokeza upande wa pili, ndege huliacha.

Changanya mchanga na udongo wa mfinyanzi. Kipimo ni mkono: finyanga tonge bichi, likae bila kumomonyoka, lakini ukilibonyeza kwa dole gumba livunjike. Mchanga ukizidi handaki huporomoka, mfinyanzi ukizidi hukauka kama tofali. Usitie saruji. Weka mbao upande wa mbele, mwaga tabaka la sentimita 15, shindilia, rudia. Baada ya wiki moja ondoa mbao. Funika juu kwa makuti, na nyuma chimba mfereji wa kupitisha maji ya mvua, kwa maana maji yakilowesha tuta ukuta mzima utaanguka.

Toboa vishimo vitatu au vinne vya kuanzia, angalau mita 1 juu ya maji na nusu mita chini ya ukingo wa juu. Upana uwe sentimita 6 kwa mkubwa na 4 kwa mdogo, kina sentimita 10, vikipanda kidogo kuelekea ndani ili kinyesi na maji vitiririke nje. Yaliyobaki mwachie ndege. Usitie nyasi wala pamba: mdiria hutaga mayai meupe juu ya udongo mtupu, na mifupa ya samaki anayoitapika ndiyo huwa tandiko lake. Chomeka fito majini, mita chache mbele ya ukuta, apate pa kutua.

Fyeka nyasi na mizizi usoni pa ukuta, maana ndiyo ngazi ya nyoka na nguchiro. Kenge naye hufukua viota, na ukuta laini uliosimama wima humpa taabu.

Tundu lenye ndege lina michirizi miwili sakafuni mlangoni, alama za miguu yake, na harufu ya samaki. Utando wa buibui mlangoni maana yake hamna mtu. Tazama pia mdomo: samaki akiwa ameelekeza kichwa nje, anapelekewa mwenza au kinda, anayeliwa na mbebaji mwenyewe huingia kichwa kwanza. Mweusi kwa mweupe hulalia mayai siku 18 hivi, na makinda hutoka baada ya siku 23 hadi 26. Kipindi hicho usiingize kijiti wala kumulika tochi, na watoto wakae mbali.

Makinda yakishaondoka kabisa, paruza uso wa ukuta ubaki msafi kwa msimu ujao.

Mdiria wa mikoko, mwenye mdomo mwekundu na kichwa cha kijivu, hafaidiki na tuta hili. Yeye huzalia kwenye tundu la mti, mara nyingi lililoachwa na kigong'ota, au kwenye kichuguu kilichojengwa mtini. Katika hori (mikono ya bahari) za Tudor, Port Reitz na Mtwapa, kumsaidia ni kuuacha mchu, aina ya mkoko, ulio mzee na wenye pango usimame, hata ukiwa umekauka. Michu kama hiyo ndiyo hukatwa kuni mwanzo kwa kuonekana haina faida, na kupanda miche mipya hakurudishi tundu: mche huchukua miaka mingi sana kupata shina la kutobolewa.