Kukausha mahindi mabichi kwa njia ya Wapawnee, hapa Dar

Usianze Aprili. Subiri masika iishe, kuanzia Juni jua linakausha kweli. Ukilazimisha wakati wa mvua utaota ukungu, na sumukuvu si jambo la kuchekea.

Wapawnee ni wenyeji wa Nebraska, Marekani, kandokando ya mito ya Platte na Loup. Watu huwasifia kwa kuwinda nyati, mimi nawasifia wanawake wao, maana mashamba ya mahindi, maharage na maboga yalikuwa yao. Kijiji kikirudi kutoka kwenye windo la kiangazi, mahindi mabichi yako tayari, na kazi ilianza hapohapo.

Mbegu zao huku hatuna. Hata wao nusura wazikose: miaka ya 1870 walihamishiwa Oklahoma, na nyingi hazikustawi kule. Tangu miaka ya 2000 wakulima wa Nebraska wanawaoteshea tena. Sisi twende na mahindi ya soko la Mabibo au Buguruni. Funua ganda kidogo, bonyeza punje kwa ukucha: yakitoka maziwa mazito, chukua. Yakitoka maji, bado machanga. Na muuzaji asiyamenye, utayahitaji maganda.

Choma mahindi na maganda yake juu ya jiko la mkaa, ukigeuza, mpaka ganda la nje liwe jeusi na ndani yaive kwa mvuke wake. Hatua hii watu huiruka, wanaanika mabichi, halafu wanalalamika yamechacha. Wapawnee walichoma kwanza. Utamu unabaki humo.

Yakipoa, menya. Sasa kisu weka kando, tafuta kombe. Wao walitumia makombe ya chaza wa mtoni. Mimi huokota ya ufukweni Kigamboni, nikayachemsha na kuyasugua. Ng'oa mstari mmoja kwa kidole gumba upate nafasi, kisha ingiza ukingo wa kombe chini ya punje na kuzisukuma pembeni. Zinatoka nzima na kiini chake. Kisu kinakata punje katikati, nusu inabaki kwenye gunzi. Jirani yangu anabisha, ana haraka zake.

Wao walianika juu ya ngozi. Tandika mkeka, juu yake shuka safi, funika kwa chandarua na ukibane kwa mawe pande zote, kwa sababu kunguru wa mji huu hawana adabu. Geuza mchana, ingiza ndani kabla jua halijazama, upepo wa bahari una unyevu. Zimekauka pale zinapolia kama kokoto kwenye ungo.

Maboga waliyakata vipande virefu, wakavisuka jamvi ndipo wakaanika. Msusi wa ukili atalifanya hilo akiwa anapiga soga.

Akiba yao waliifukia kwenye mashimo marefu, mdomo mwembamba, chini mapana, yaliyotandikwa nyasi. Kijiji kizima kikienda kuwinda miezi kadhaa, mgeni hajui chakula kiko wapi. Hapa mjini, kwetu Tabata, usichimbe, mchwa watakushukuru. Chupa ya mfuniko inatosha.

Kupika: loweka usiku kucha, chemsha na maharage. Wao waliongeza nyama kavu, mimi naongeza tui. Chumvi iwe ya mwisho, maharage yakishalainika.