SOMO: Kuhesabu ndege wakati wa Krismasi huku Marekani, unaanzaje

Wadau mlioko Marekani, wengi mmeniuliza ile kazi ya kujitolea kuhesabu ndege kwenye baridi inakuwaje, ngoja niwape mchakato mzima maana mimi mwaka wa nne sasa naenda na natamani tuwe wengi.

Zamani Krismasi ikifika watu huku walikuwa wanatoka na bunduki kushindana nani kaua ndege wengi, sasa 1900 mtaalamu wa ndege Frank Chapman akasema mwaka huu tuwahesabu badala ya kuwaua, wakajitokeza watu 27 tu, na mpaka leo inaendelea chini ya Audubon, shirika la kulinda ndege.

1. Tafuta duara, yaani eneo la kuhesabia. Kila duara lina upana wa kilomita 24 na siku yake moja kati ya Desemba 14 na Januari 5. Mwezi wa 11 ingia ramani ya Audubon, mwandikie mratibu wa duara la karibu, atakupanga na kundi. Bure kabisa.

2. Vaa. Soksi mbili, buti lisiloingiza maji, glavu, simu mfuko wa ndani maana baridi inanyonya chaji. Chai ya tangawizi kwenye chupa.

3. Hesabu kila ndege unayemuona au kumsikia, hata shomoro, hata kunguru. Bata bukini wakipita kundi zima usihangaike na mmoja mmoja, hesabu kumi, angalia hao kumi wamejaza nafasi kiasi gani, halafu endelea kumi kumi mpaka mwisho wa kundi. Usiyemjua usimbunie jina! Mwaka wangu wa kwanza niliona mwewe mbali, wenzangu wananisubiri na kalamu, nikataka kutaja jina lolote tu, mama mmoja wa kundi letu akaniambia andika "mwewe" basi inatosha.

4. Andika saa. Hii wageni wengi wanairuka na ndiyo roho ya kazi. Kardinali (aina ya ndege wa huku) 20 kwa saa mbili na kardinali 20 kwa saa nane si kitu kimoja, wanasayansi wanagawa idadi kwa saa ndo wanajua ndege wanapungua au watafutaji ndo walikuwa wachache. Kwa hiyo muda wa kutembea andika peke yake, wa kwenye gari peke yake, mkikaa kula toeni.

MASWALI

Mkuu mimi ndege wa huku simjui hata mmoja, watanipokea?
– Watakupokea kaka, unawekwa na mzoefu. Macho yako na kuandika tayari ni msaada.

Dada mi nina watoto wadogo, kutoka alfajiri siwezi.
– Kama nyumba iko ndani ya duara mwambie mratibu mapema, uhesabie dirishani pale unapowawekea mbegu. Ila usijumlishe, saa tatu wakija wanne na saa tano wakija sita andika sita, huwezi jua kama wale wanne wamo humo humo.

Merlin, ile app ya simu ya kutambua ndege, ikisikia sauti ikataja jina, naandika?
– Hapana, ichukue kama fununu, halafu msikilize mwenyewe au umtafute kwa darubini.

Nikimuona bundi jana yake je?
– Kwenye idadi haingii, ila siku tatu kabla na tatu baada zina nafasi yake, kama siku yenyewe bundi wa aina hiyo hakuonekana anaandikwa pembeni. Mwambie mratibu wako.