Somo: Kupeleka stempu za urithi mnadani

Baba mkubwa alituachia sanduku la bati. Ndani mlikuwa na albamu nne, bahasha zilizofungwa kwa uzi, na kopo la maziwa ya unga lililojaa stempu zisizopangwa. Kwa nia njema tulikata bahasha, tukaloweka stempu kwenye beseni na kuzianika juu ya gazeti. Miaka baadaye mtaalamu aliyezikagua alinieleza kwa upole kwamba zile bahasha zilikuwa na thamani kuliko stempu zenyewe. Naandika somo hili ili yasimkute mwenzangu.

Hatua ya 1: Usiguse kitu

Usiloweke, usibandue, usikate, usitie selotepu. Bahasha nzima yenye muhuri unaosomeka inaeleza barua ilitoka wapi, lini, na ililipiwa kiasi gani, na wapo wanaonunua hayo tu. Shika stempu kwa kibanio chenye ncha bapa, maana vidole vina mafuta. Sisi wa Pwani tuna adui wa ziada, unyevu. Gundi ya nyuma hunata kwenye ukurasa, na madoa ya kahawia huota pembezoni. Weka albamu zikiwa zimesimama, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Hatua ya 2: Tenga chache na nyingi

Hapa ndipo pesa inapopatikana au kupotea, kwa hiyo usiwe na haraka. Stempu nyingi kwenye sanduku lolote ni za kawaida, na huko nje huuzwa hata kwa kilo. Unatafuta zile chache. Kwa masanduku ya kwetu, mimi huanza na hizi.

Mwaka 1895 Zanzibar ilitumia stempu za India zilizochapwa neno "Zanzibar" juu yake. Kazi ilifanyika papo hapo kisiwani na makosa yakapita, ndiyo maana kuna zilizosomeka "Zanzidar". Soma kila herufi kwa lenzi.

Kisha zitazame zile za Kenya, Uganda na Tanganyika za miaka ya 1930. Kwenye stempu ya chombo cha tanga katika Ziwa Victoria, kuna ambazo kamba inagusa tanga na kuna ambazo kamba haifiki. Katika mfululizo wa Mfalme George VI ulioanza 1938, picha ni ileile lakini meno ya pembeni yanatofautiana, na bei nayo inatofautiana sana. Meno huhesabiwa ndani ya sentimita 2; kipimo chake ni kadi ndogo tu, inunue.

Stempu zenye thamani ya pauni za Kenya na Uganda za 1922 ziangalie kwa jicho kali. Nyingi zilibandikwa kwenye hati za serikali na kubatilishwa kwa kuchorwa kalamu. Baadaye watu wakasafisha wino na kugonga muhuri bandia wa posta. Ziinue kwenye mwanga utafute mabaki ya wino.

Hatua ya 3: Cheti

Stempu ikionekana kuwa na thamani kubwa, ipate cheti cha wataalamu, kwa mfano wa Royal Philatelic Society London. Cheti kina gharama, basi usikipeleke kitu cha pauni 20. Lakini zile za kisiwa cha Mafia zilizopigwa neno "MAFIA" baada ya Waingereza kukiteka mwaka 1915 zimeghushiwa mno, kiasi kwamba bila cheti mnunuzi makini hatazigusa.

Hatua ya 4: Gawa mafungu

Stempu adimu iende peke yake. Stempu za nchi moja zilizokamilika ziende kama albamu moja. Yaliyobaki yawe fungu moja kubwa, na usichomoe kila kizuri humo: wanunuzi wa mafungu hupandishiana bei kwa matumaini ya kukuta kitu ndani.

Hatua ya 5: Soma masharti kabla ya kusaini

Uliza kamisheni, bei ya chini ambayo fungu halitauzwa chini yake, gharama za picha na bima, na siku ya malipo. Tuseme nyundo imegonga pauni 200 na dalali anakata asilimia 15: unapata 170. Mnunuzi naye akiongezewa ada ya asilimia 20, analipa 240. Anajua hesabu hiyo kabla ya kuinua mkono, hivyo ada kubwa hurudi kukubana wewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina stempu ya Malkia Victoria, ina zaidi ya miaka 100. Nimetajirika?

Jibu: Marahaba. Umri peke yake hauleti bei. Penny Black ya 1840, stempu ya kwanza ya gundi duniani, ilichapwa zaidi ya milioni 68, na zilizotumika bado zinapatikana. Ile ya senti 1 ya British Guiana ya 1856 inajulikana moja tu, na mwaka 2021 iliuzwa New York zaidi ya dola milioni 8. Tuma picha ya mbele na ya nyuma.

Swali: Katalogi ya Stanley Gibbons, wauza stempu wa London, inasema pauni 400, dalali anakadiria 80. Ananidhulumu?

Jibu: Si lazima. Ile ni bei ya dukani kwao kwa stempu iliyo katika hali nzuri. Yako ina kona iliyokunjika na doa, dada yangu.

Swali: Nina za Zanzibar zilizogongwa "JAMHURI 1964", nyingine kichwa chini. Je?

Jibu: Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 maneno hayo yaligongwa kwa mkono, kisha ikaja chapa ya mashine. Za mkono zilipinda na kurudiwa mara nyingi, kwa hiyo kichwa chini si dalili ya utajiri. Ila ukiwa nayo kwenye bahasha iliyosafiri kweli mwaka huo, usiitoe humo.

Swali: Mtu amekuja nyumbani na fedha taslimu, anataka sanduku lote leo hii.

Jibu: Mkaribishe chai. Mwombe aandike bei ya kila albamu kivyake, na bei ya stempu zisizopangwa peke yake. Akikataa kutenganisha, kuna albamu moja humo ndani anayoijua. Itafute kabla hajarudi.