Mbwa wa Goti: Kumtayarisha kwa Upasuaji na Kumlea Akirudi Nyumbani

Watu huniita daktari nami nimechoka kukataa, lakini mimi ni mhudumu wa afya ya mifugo tu hapa Malindi. Mifupa sikati. Kazi yangu huanza mbwa anapochechemea, hukatika siku anapopelekwa Mombasa au Nairobi kwa mpasuaji, kisha huanza upya gari linaporudi naye kalala kiti cha nyuma, paja limenyolewa, shingoni koni ya kumzuia asilambe kidonda. Upasuaji wenyewe ni wa asubuhi moja. Kulea ni wiki nane, mara nyingi kumi na mbili, na hapo ndipo goti hupona au huharibika.

Hatua ya 1: Hakikisha ni goti kweli

Upasuaji ninaouzungumzia ni wa mbwa aliyekatika kano ya goti, yaani ule ukanda mgumu unaoshikanisha mifupa. Kano hiyo imo ndani ya goti, baina ya mfupa wa paja na muundi. Kazi yake ni kuuzuia muundi usichomoke mbele mbwa anapokanyaga. Ikikatika, kila hatua mfupa unatoka na kurudi kama droo ya meza, na ndivyo daktari anavyoipima: mkono mmoja pajani, mwingine kwenye muundi, anavuta.

Wewe nyumbani mtazame akikaa. Mbwa mzima hukaa magoti yamekunjwa sawasawa. Huyu mguu mmoja huutupa kando, kama mtu aliyekaa mkekani na ganzi mguuni. Akisimama, hugusa chini kwa ncha za kucha tu. Papasa upande wa ndani wa goti ulinganishe na la pili: likiwa nene na gumu, jambo hili si la jana.

Maana kano ya mbwa kwa kawaida haikatiki kwa ajali moja kama ya mchezaji mpira. Huchakaa uzi kwa uzi, kama kamba ya nanga inayosuguana na jiwe, mpaka siku anaruka ngazi mbili inamalizika. Ndiyo sababu mbwa wanne hadi sita kati ya kumi waliokatika goti moja, baadaye hukatika na la pili. Liweke akilini unapopanga fedha.

Hapa pwani kuna jambo jingine ambalo miongozo ya nchi za baridi hailitaji: kupe. Ugonjwa wa kupe uitwao erlikia unaweza kumfanya mbwa achechemee kwa maumivu ya viungo, ukadhani ni goti. Mbaya zaidi, hupunguza chembe zinazogandisha damu. Mbwa wa namna hiyo hapelekwi chini ya kisu mpaka atibiwe. Kwa hiyo kabla ya kulipia mafuta ya gari, mtoe damu apimwe hapahapa. Nimeshuhudia safari mbili zikirudi bure kwa sababu ya kipimo ambacho kingechukuliwa wiki moja mapema.

Hatua ya 2: Muulize mpasuaji maswali haya

Muulize anatumia njia gani. Kwa mbwa mdogo, wa chini ya kilo 15 hivi, wengi hufunga uzi mgumu wa nailoni nje ya kiungo ufanye kazi ya kano. Wapo wadogo ambao hata hawapasuliwi: wanapumzishwa, wanapunguzwa uzito, wanatengemaa. Kwa mbwa mkubwa utasikia herufi TPLO. Daktari Barclay Slocum wa Marekani aliichapisha njia hiyo mwaka 1993. Hawaungi kano, wanakata kichwa cha muundi, wanakizungusha hadi mteremko wake wa digrii ishirini na kitu ushuke kufika kama 5, kisha wanakishika kwa bati la chuma na skrubu. Mfupa ukikaa karibu sawa, hauna pa kuteleza.

Ukishaelewa hilo utaelewa pia kwa nini nitakusumbua kuhusu kupumzika: mbwa wako anarudi na mfupa uliokatwa kwa msumeno.

Uliza pia kama bei ina eksirei ya kabla na ya baada, dawa za kwenda nazo, na eksirei ya wiki ya nane. Hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika, kisha watu hushtuka.

Hatua ya 3: Tengeneza nyumba kabla hajaondoka

Adui wa kwanza ni sakafu. Hapa Malindi, nyumba za mtaa wa Casuarina na za barabara ya Silversands zina vigae vinavyong'aa hadi unajiona uso. Mbwa wa miguu mitatu juu ya kigae chenye maji ni balaa. Tandika majamvi kuanzia anapolala hadi mlango wa kutokea, na chini ya kila jamvi weka kipande cha mpira au wavu wa kuzuia kuteleza. Jamvi lenyewe likiteleza, umeongeza hatari.

Pili, kizimba. Si lazima ununue. Fundi seremala atakuundia kwa paleti kuukuu: mbwa aweze kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Kiweke penye upepo, kwa sababu Februari ya Malindi na koni shingoni si mchezo, ukitandaze chandarua juu yake. Chandarua si cha mbu peke yake. Nzi wa hapa hawahitaji mwaliko kwenye kidonda. Mzoeshe kula humo wiki nzima kabla ya safari, asije akaingizwa kwa mara ya kwanza akiwa na maumivu.

Tatu, leso. Ndiyo, leso hizi za dukani. Ikunje kwa urefu iwe pana kama kiganja, ipitishe chini ya tumbo mbele ya mapaja, ushike ncha mbili kwa juu. Humbebi, unamshika tu asianguke akiteleza. Kwa dume angalia isimbane uume, la sivyo atakataa kukojoa nawe utadhani figo zimeharibika.

Nne ni watu, na hapa nataka kukaa kidogo. Nyumba nyingi mlinzi na mfanyakazi ni Waislamu, na katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi pwani, mate ya mbwa ni najisi: yakikugusa, huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Tajiri anasafiri, anaacha agizo "mtamwangalia mbwa", halafu anashangaa kazi haikufanyika. Mzee mmoja wa zamu ya usiku aliniambia, "Mwanangu, mbwa simchukii. Lakini nina swala ya alfajiri hapa." Tukakaa chini tukapatana. Yeye angefungua na kufunga milango, ashike kamba ndefu kwa glavu, na kikoi cha kazi kikae mbali na nguo za kuswalia. Kidonda na vidonge vikawa vya mtunza bustani, ambaye nilimlipia wiki mbili za ziada. Mbwa yule alipona vizuri kuliko wote wa mwaka ule, kwa sababu kila mtu alijua zamu yake.

Tano, mpime uzito. Mkubwa asiyebebeka mpeleke duka la nafaka lenye mizani ya gunia, uombe kwa adabu na usafishe baadaye. Dawa ya usingizi hupimwa kwa kilo, na kila kilo ya ziada ni mzigo juu ya lile bati. Kama analishwa sima na vichwa vya samaki, anza kupunguza sima sasa.

Hatua ya 4: Siku ya safari

Mwoshe jana yake, maana hataoga tena mpaka nyuzi zitoke. Chakula cha mwisho ni jioni. Maji anywe mpaka asubuhi, isipokuwa mpasuaji amesema vingine. Andika dawa zote alizopewa mwezi huo. Akiwa amedungwa deksamethasoni au amepewa predinisoloni na mtu yeyote, sema, kwa sababu dawa hizo hazichanganywi na zile za maumivu atakazopewa.

Na wewe usimpe dawa ya maumivu ya binadamu. Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo.

Kurudi ni kama kilomita 120 kutoka Mombasa, na matuta unayajua. Godoro jembamba nyuma ya Probox, mtu mmoja amekaa naye, kamba mkononi. Kilifi mteremshe akojoe, leso tumboni. Tuktuk isikaribie hata kwa safari ya kutoka mjini hadi nyumbani.

Hatua ya 5: Siku tatu za kwanza

Atalia usiku wa kwanza. Sehemu ya kilio hicho ni usingizi wa dawa unaotoka, si maumivu yote. Kinyesi kinaweza kukosekana siku mbili tatu, usihangaike. Mkojo ukikosekana siku nzima, piga simu.

Barafu: ponda vipande, tia kwenye soksi nene, funga, zungushia kitambaa, weka gotini dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa siku. Usiweke barafu tupu juu ya ngozi iliyonyolewa.

Dawa ya maumivu, iwe kaprofeni au meloksikamu, hutolewa na chakula, kwa kipimo kilichoandikwa. Akitapika, akikataa chakula, au kinyesi kikawa cheusi kama lami, simamisha na umpigie daktari siku hiyohiyo.

Kati ya siku ya tatu na ya tano kifundo cha chini kitavimba kama kifuko cha maji. Hapo ndipo simu yangu haipoi. Ni uvimbe wa gotini unashuka kwa uzito wake. Sugua taratibu ukielekea juu, utaisha.

Hatua ya 6: Mpaka nyuzi zitoke

Nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi 14. Mpaka hapo koni haivuliwi, hata akikutazama kwa macho yale. Dakika tano za kulamba zinatosha kufungua kidonda. Jirani atakuja na ushauri wa kumwosha kwa maji ya bahari kwa kuwa "chumvi inaponya". Mshukuru, mpe chai, usifanye. Kidonda hiki kikae kikavu.

Kutoka nje ni kwa haja tu, dakika tano, kamba fupi, alfajiri na baada ya alasiri. Mpasuaji akiruhusu, anza kumkunja goti. Mlaze ubavu, mguu wenye jeraha juu. Mkono mmoja ushike paja karibu na goti, mwingine kifundoni. Kunja polepole, hesabu tano, nyoosha, hesabu tano. Mara kumi, asubuhi na jioni. Akigeuza kichwa kukutazama, umefika mwisho wake. Akikunja mdomo, umepita.

Anatakiwa awe anagusa chini, walau kwa ncha, ndani ya wiki mbili. Asipogusa kabisa, au alikuwa anakanyaga kisha ghafla akauinua mguu, au kidonda kinatoa harufu, mrudishe aonwe.

Hatua ya 7: Wiki ya tatu hadi ya nane

Hizi ndizo wiki mbaya, kwa sababu mbwa anajisikia mzima. Mfupa haujui hilo. Ongeza matembezi dakika tano kila wiki: kumi wiki ya tatu, kumi na tano ya nne, hivyo hivyo. Nenda polepole kupita unavyodhani ni polepole. Akiharakishwa, hukimbia kwa miguu mitatu na ule wa nne unabaki pambo. Akitembezwa taratibu, hana budi kuutumia.

Nasema kwa uchungu. Jeki, mbwa wangu mwenyewe, alikuwa wiki ya tano na anatembea vizuri hata nikaanza kujisifu. Mwuza maji akagonga, nikafungua lango la uani nikijua kizimba kimefungwa. Hakikufungwa. Kima akashuka ukutani kufuata ganda la embe, Jeki akatoka kama mshale, hatua nane au tisa tu, akapiga yowe moja. Eksirei ikaonyesha skrubu moja imelegea. Mfupa ulisalimika, lakini tulirudi kizimbani wiki tatu zaidi, nami nilikuwa nimewahubiria watu mambo haya haya miaka. Tangu siku ile kizimba changu kina komeo mbili.

Kuanzia wiki ya sita, akiruhusiwa, mfundishe kukaa na kusimama, mara tano mfululizo, mgongo karibu na ukuta asiutupe mguu kando. Chakula kibaki pungufu kwa robo hivi, maana hakimbii.

Hatua ya 8: Eksirei, kisha bahari

Wiki ya nane piga picha kabla ya kumfungulia. Mfupa ukiwa umeshikana, anza kumwachia kidogo kidogo kwa mwezi mzima. Ufukweni mpeleke maji yakiwa yamekupwa, apite kwenye mchanga mgumu uliolowa. Ule mkavu unaozamisha miguu uache kwa sasa. Kuogelea ni zoezi zuri, ila liwe kwenye maji tulivu ya asubuhi wakati wa kaskazi. Wakati wa kusi, mawimbi ya Silversands hayana huruma na goti.

Nunua utepe wa fundi cherehani. Kila Ijumaa pima unene wa mapaja mawili, juu kabisa karibu na kinena, mbwa akiwa amesimama, uandike ukutani. Jeki alianza na tofauti ya sentimita nne. Mwezi wa tano ilibaki nusu, na kima wa uani wakarudia kushuka kwa tahadhari.